Mikwaruzo Mitatu kwa Siku

Shwa-shwa-shwa. Kimya. Shwa-shwa.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la kitanda cha nne, na haikuwa ya mashine yoyote niliyoijua. Nami nilizijua zote za chumba kile cha wagonjwa mahututi. Mashine ya kupumulia huvuta na kushusha kama mtu aliyelala baada ya kazi nzito. Chungu, ile mashine ya kupikia dawa kule pembeni, hunguruma kwa chini kinapopika. Hii ilikuwa sauti ya nyumbani, ya bombani asubuhi. Nilivuta pazia kwa nguvu.

Sista Eselina Mgaya alikuwa ameinama juu ya mgonjwa. Mkono mmoja ulishika bomba la kupumulia lisicheze. Mwingine ulikuwa unasugua meno ya mtu asiyejitambua kwa mswaki mdogo wa mtoto.

"Sista! Unafanya nini?"

"Nampiga mswaki," alisema bila kugeuka. "Kwani wewe hupigi?"

"Mwongozo unakataza."

"Nishikie hili bakuli kwanza."

Lilikuwa bakuli la maji ya chumvi. Sikulishika. Mwongozo huo niliuandika mimi, Amosi Nyagawa, fundi wa vifaa tiba, mwenye miaka ishirini na saba, na niliujua neno kwa neno. Pale bomba la mgonjwa linapoungana na mpira wa mashine alikaa Mnusi, kidude kisichozidi punje ya harage. Kazi yake kunusa kila pumzi inayotoka mapafuni. Kila bakteria ana harufu yake, na Mnusi alizijua harufu mia mbili na kumi. Nimonia ikianza tu, kabla homa haijapanda, alitaja jina la bakteria kwa dakika nne. Hapo Chungu kilipika walaji, vile virusi vidogo vinavyokula bakteria na kumwacha mtu salama, kisha vikapuliziwa ndani ya bomba. Dawa za sindano za zama za babu zetu zilikuwa zimeshashindwa. Walaji ndio waliobaki.

Lakini dawa ya meno na dawa ya kusukutulia zilimdanganya Mnusi. Kwa hiyo niliandika: mgonjwa mwenye Mnusi asitiwe mkono kinywani.

"Saa saba ndugu zake wanaingia," alisema Sista Mgaya. "Leo na mkwewe yumo. Unataka mkwewe amkute na kinywa hiki?"

"Sista, huyu hana habari na mkwe. Huyu ana bakteria."

"Ana vyote viwili, mwanangu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Mwinuka, mganga mkuu, nikaripoti. Jioni ile ile Sista Mgaya, mwenye miaka thelathini na miwili kazini, alipewa likizo ya lazima asije akachafua takwimu. Nilitoka ofisini najiona mrefu kuliko mlango.

*

Takwimu zenyewe zilikuwa za kujivunia. Miezi saba ya majaribio, wagonjwa sitini na wanne waliopumuliwa na mashine, na katika hao wawili tu ndio waliopata nimonia. Zamani angeugua mmoja katika kila wanne. Jumamosi iliyofuata tukafanya sherehe yetu wenyewe ukumbini, na Daktari Mwinuka akaniambia, "Wewe si mshairi? Tuletee kitu."

Shuleni sikufundishwa ushairi. Nilijifunza mwenyewe bwenini, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya blanketi, na hakuna kitu nilichokionea fahari kama hicho, hata Mnusi. Nikapanda jukwaani na kughani kwa sauti yangu yote:

*Chukua mswaki, Bibi, nenda kasugue vyungu,*
*Mnusi ndiye tabibi, ajua kila uchungu,*
*Hachoki wala haibi, hapiki wala majungu,*
*Shamba nalo li karibi, ukapalilie dengu.*

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu waligeuka kutazama safu ya tatu, maana Sista Mgaya alikuwa amealikwa. Nani angependa kuonekana amemfukuza muuguzi wa miaka yote ile? Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Alipiga makofi mawili, taratibu, kama mtu anavyompigia mtoto aliyemaliza kukariri.

Makofi yale mawili nayasikia mpaka leo.

*

"Kinywa cha mwanangu kinanuka," alisema Mama Tumsifu.

Zilikuwa zimepita wiki tatu. Tumsifu Mlowe, mwalimu wa darasa la pili, aligongwa na gari akivusha watoto barabara. Mbavu tano zilivunjika na ubongo ulitikisika. Madaktari walimlaza kwa dawa ya usingizi na kumpa mashine impumulie mpaka mbavu zishike. Kila siku, mara tatu, mama yake alipita kwenye mlango wa upepo unaopuliza vumbi la nguo, akaja kusimama upande wa kulia wa kitanda cha nne, ambacho yule mgonjwa wa mkwe alikuwa ameshakiacha.

"Mama, usijali," nilimwambia. "Kuna mashine hapa inanusa kila pumzi yake."

"Na mimi nanusa."

"Mashine inatambua harufu mia mbili na kumi."

"Mimi naijua moja. Ya mtoto wangu. Hii siyo."

Nilitabasamu, lile tabasamu tunalowapa ndugu wa wagonjwa. Siku ya pili yake, asubuhi, Mnusi alitaja jina. Chungu kikapika kwa muda wa saa tano, tukapulizia. Mchana akataja jina la pili. Kabla la pili halijapikwa likaja la tatu. Ilipofika jioni ukutani palikuwa na majina matano yakiwaka mekundu juu ya kichwa cha Tumsifu, na homa ilifika thelathini na tisa na nusu.

Ugumu ulikuwa hapo. Mlaji mmoja hula aina moja tu ya bakteria. Hata akifa njaa hamgusi mwingine. Na Chungu hupika sufuria moja kwa wakati. Akija bakteria mmoja tunamshinda. Wakija watano pamoja, ukimmaliza wa kwanza, wa nne ameshajenga makao.

Tena hakikuwa kitanda cha nne peke yake. Kwenye cha sita alikuwa amelala mzee mmoja mwenye majina matatu ukutani. Na kwenye cha pili, Ijumaa, tulikuwa tumempoteza Festo Ngole, dereva wa trekta. Alikuja na mguu uliosagika, akafa kwa mapafu.

"Bahati mbaya tu," alisema Daktari Mwinuka. "Takwimu zina siku zake mbaya."

Nami niliitikia, "Ndiyo, daktari."

*

Jumapili asubuhi nilijifungia chumba cha kumbukumbu. Nilitaka kuthibitisha kwamba Mnusi hana kosa. Nasema wazi, sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kumtetea mwanangu wa bati.

Mnusi huchora mstari. Harufu ikibadilika mstari hupanda, isipobadilika hulala. Mistari ya wiki tatu zile ilianza imelala vizuri, kisha ikapanda kama mlima. Nikafungua ya miezi saba ya majaribio nilinganishe. Ilikuwa imenyooka kama uzi. Ndipo nikakumbuka kwamba niliyokuwa naitazama ni ile niliyoisafisha.

Nikaita ile ghafi.

Palikuwa na mikwaruzo. Midogo, kila mmoja wa dakika nane au tisa, kama mtu amepitisha ukucha kwenye rangi mbichi. Mitatu kwa siku, kila kitanda, kila siku. Niliikumbuka. Niliiona mwezi wa kwanza kabisa wa majaribio, nikadhani ni bomba linatikiswa, nikaandika pembeni "mtikisiko", nikaifuta yote kwa sababu ilichafua mchoro wangu. Sikumuuliza mtu yeyote swali hata moja.

Sasa nilisoma saa. Alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini. Mchana, saa sita na dakika arobaini. Jioni, saa kumi na dakika arobaini.

Ndugu wanaruhusiwa kuingia saa kumi na mbili, saa saba na saa kumi na moja. Mikwaruzo yote ilitangulia kwa dakika ishirini.

Nikatafuta mkwaruzo wa mwisho. Ulikuwa wa siku ile nilipovuta pazia. Baada ya hapo hakuna kitu, mstari safi, ule mstari nilioupenda.

Sista Mgaya alikuwa akiwapiga mswaki, na mkono wake ndio uliotikisa bomba. Wote sitini na wanne, mara tatu kwa siku, kwa maji ya chumvi yasiyo na harufu ya kumdanganya Mnusi, yeye na wauguzi aliowafundisha. Alipoondolewa nao waliogopa, wakaacha. Bakteria wanaoshuka kwenye mapafu hutoka kinywani. Wanajenga kwenye meno, kwenye ulimi, wanateleza na mate pembeni ya bomba. Hilo liko katika kila kitabu cha uuguzi, na mimi nililisoma nikaliruka. Kinywa kikiwa safi anapenya mmoja, na mmoja tunamuweza. Mashine yangu ilikuwa imeshinda vita ambayo mwanamke mwenye bakuli alikuwa ameshaipunguza.

Nilikaa pale nimeweka mikono usoni ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona. Kutoka chumbani nilishindwa kwa muda mrefu. Kati yangu na kitanda cha nne palikuwa na kitanda cha pili, na kilikuwa kimetandikwa shuka mpya.

*

Sista Mgaya anaishi nje kidogo ya mji, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea mashamba ya chai. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Nilimkuta shambani na mabuti ya mvua, anachimba viazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Aliinua uso. "Ehe! Mshairi huyo. Umekuja kupalilia dengu?"

Nilisimama pembeni mwa tuta.

"Hebu nikuulize, limenisumbua sana. Njombe hii, na baridi hii, nani analima dengu?"

"Nilitafuta kina, Sista."

"Nilijua!" Alimgeukia mumewe aliyekuwa anafunga magunia mbali kidogo. "Baba Tulizo! Si nilikwambia? Kijana alitafuta kina tu!" Yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Sista, kwa nini hukuandika?"

"Kuandika nini?"

"Mswaki. Kwenye fomu za majaribio. Miezi saba, hakuna mahali palipoandikwa."

"Fomu yako iliuliza nini?"

"Tiba zote alizopewa mgonjwa."

"Haya basi. Mimi sikumpa mtu tiba." Alitikisa udongo kwenye kiazi. "Mtu anakuja kuonwa na mama yake, na mkwewe, na mchungaji. Hawezi kujiosha. Unamfuta uso, unampiga mswaki, unamnyanyua kichwa asionekane kama maiti, ndipo unafungua mlango. Hiyo ni tiba? Hiyo ni adabu. Nilifundishwa na sista aliyenitangulia, naye na wa kabla yake. Ungeuliza adabu ningekujazia daftari zima."

Kichwa. Hata kichwa. Kulaza mgonjwa wa mashine chali ni kumimina mate mapafuni. Kichwa lazima kiinuke. Mnusi hapimi mto. Wiki tatu zote nilipita mbele ya vitanda vilivyolala na sikuona.

"Wameanza kuugua," nilisema. "Kitanda cha sita. Kuna binti mmoja, mwalimu, Tumsifu, kitanda cha nne, ana bakteria watano. Na Festo Ngole alifariki Ijumaa."

Kiazi kilikuwa mkononi mwake. Alikishusha chini polepole, kama yai.

"Festo wa trekta?"

"Ndiyo."

"Nilipoondoka alikuwa anaendelea vizuri. Mama yake alikuwa ananiletea chai ya tangawizi kwenye chupa." Alinitazama, na mzaha wote ulikuwa umeondoka usoni. "Ulikuwa umeshajua?"

"Nimejua leo asubuhi."

"Lakini ungeweza kujua kabla."

"Ndiyo, mama. Mikwaruzo ya mswaki wako niliiona miezi mingi nyuma. Nikaifuta."

Upepo ulipita kwenye majani ya viazi. Nilingoja anitukane. Angenitukana, ningepumua.

"Ngoja ninawe," alisema. "Ninakwenda kwa ajili ya yule binti, tuelewane. Si kwa ajili yako."

"Sista, naomba unisa..."

"Acha. Kuniomba radhi hapa kwenye viazi ni rahisi. Mimi ulinitukana ukumbini."

*

Mlinzi alimpisha bila swali. Sista alikuwa amemuuguzia mke wake. Tulipofika kitanda cha nne Sista Mgaya alisimama kidogo, akavuta hewa kwa pua mara moja, akanipa mswaki.

"Wewe."

"Mimi?"

"Mimi niko likizo."

Kwanza akanifanya ninyanyue kitanda mpaka kifua na kichwa cha Tumsifu vikae kama mtu aliyeegemea kiti. Kisha nikafyonza kwa kijibomba mate yaliyokuwa yametuama kooni juu ya lile puto linaloshika bomba. Yalitoka mazito, ya kijani, na harufu yake ilinirudisha hatua moja. Mama Tumsifu alikuwa pale pale, na hakurudi nyuma.

"Ndiyo hiyo niliyokwambia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulinicheka."

"Ndiyo, mama."

Nikachovya mswaki. Meno ya mbele, ya nyuma, ufizi, ulimi. Yule mwalimu alikuwa na pengo dogo kati ya meno mawili ya mbele. Wiki nzima nilikuwa nimesoma pumzi zake kwa sehemu za bilioni, na pengo sikuwahi kuliona.

"Taratibu," alisema Sista Mgaya. "Husugui chungu."

Siku ile tulifanya mara tatu, na Jumatatu mara tatu, na vitanda vyote. Wauguzi walipomwona amerudi walichukua mabakuli bila kuambiwa. Mnusi alichora mikwaruzo, na sikufuta hata mmoja. Jumatatu jioni majina ya Tumsifu ukutani yalikuwa manne. Jumanne asubuhi mawili. Wapya hawakuwa wanaingia tena, na Chungu, sufuria moja baada ya nyingine, kikaanza kuwawahi walioko ndani. Homa ilishuka hadi thelathini na nane. Daktari wa zamu alisema bado anaweza kwenda upande wowote, ila sasa upande wa kuishi nao upo.

*

Daktari Mwinuka alikuja Jumanne mchana, muda wa ndugu. Alitazama bakuli. Alimtazama Sista Mgaya aliyekuwa anakunja shuka kitanda cha sita kana kwamba hajawahi kuondoka. Akanivuta kando ya dirisha, hatua nne tu kutoka kwa Mama Tumsifu.

"Nimesoma ulichoniandikia jana kuhusu mikwaruzo," alisema kwa sauti ya chini. "Nani mwingine amekisoma?"

"Hakuna."

"Vizuri. Kesho saa nne wageni wa makao makuu wanatia saini mashine yako isambazwe. Hospitali thelathini na moja, Amosi. Tutaongeza kifungu: kinywa kisafishwe kwa maji ya chumvi mara tatu kwa siku, kichwa kiinuliwe. Wagonjwa watapata vyote viwili. Unataka nini zaidi?"

"Na majaribio?"

"Majaribio yanabaki yalivyo."

"Yalivyo ni uongo, daktari."

"Sikiliza, bwana mdogo, acha moto wa kishairi. Ukisimama kesho useme takwimu zote zilichanganyika na mswaki, unadhani watasema ahsante? Watafunga mafaili. Watairudisha mashine yako ghalani. Sindano hazifanyi kazi, unajua. Huko kwingine watu watakufa kwa bakteria mmoja tu, ambaye Chungu kingemla kwa saa tano. Hao utawaandikia ushairi gani?"

Na hapo ndipo aliponishika, kwa sababu alikuwa na haki nusu. Mnusi hakuwa takataka. Bila Chungu Tumsifu asingefika Jumanne. Ningeweza kunyamaza, watu wangepona, kifungu kingekuwepo. Hasara pekee ingekuwa ukweli, na ukweli hauna mapafu. Nilijisikia nikikubali. Nilijisikia hata nikitafuta maneno mazuri ya kukubali nayo, na nikaona aibu kwa jinsi yalivyokuja haraka.

"Na wakiuliza kwa nini wagonjwa watatu waliugua baada ya majaribio?" nilisema.

"Siku mbaya. Nimeshaandika."

"Samahani, daktari." Alikuwa Mama Tumsifu. Hakuwa ameacha mkono wa bintiye. "Mimi si msomi, nisameheni. Lakini nyie mnaongea kwa nguvu."

Daktari Mwinuka aligeuka kutoka dirishani.

"Yule kijana wa trekta. Mimi na mama yake tulikuwa tunangojea pamoja pale nje kwenye benchi. Ijumaa alipotolewa nilimshika mimi. Aliambiwa nini?"

Sista Mgaya aliacha kukunja shuka.

"Aliambiwa ni mapenzi ya Mungu," alisema Mama Tumsifu. "Akaitikia amina. Akaniambia labda ni yeye, labda ile shuka aliyomletea kutoka nyumbani haikufuliwa vizuri. Kaondoka na hilo. Kalibeba mpaka kwake." Alinigeukia mimi, si daktari. "Ni shuka?"

Nilitaka mistari. Maisha yangu yote, jambo likinizidi, mizani huja yenyewe, nane kwa nane, nami najificha nyuma yake. Haikuja. Palikuwa na pumzi ya mashine tu, ikivuta na kushusha.

"Si shuka, mama," nilisema.

"Amosi," alisema Daktari Mwinuka.

"Si shuka. Ni mimi. Niliwakataza wauguzi wasimsafishe kinywa. Niliona dalili kwamba nimekosea, nikazifuta ili kazi yangu ionekane safi. Aliyekuwa anawalinda wagonjwa ni huyu mama hapa, na nilimfukuza, kisha nikamfanya kichekesho ukumbini. Binti yako naye ni mimi."

Nilidhani nikisema nitapungukiwa na mzigo. Haikuwa hivyo. Mama Tumsifu alinitazama kwa muda, na sikuona msamaha usoni mwake wala hasira. Niliona mtu anayepima kama kiti kitambeba.

"Umeniambia mimi," alisema. "Mimi wangu yu hai."

Daktari Mwinuka alitoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa korido. Sista Mgaya alikuja, akaweka bakuli la maji ya chumvi juu ya meza, akasimama upande wa pili wa kitanda, amekunja mikono. Ilikuwa zamu yangu tena. Nilichukua mswaki, nikainama, na macho ya Tumsifu yalikuwa wazi nusu, dawa ya usingizi ikipungua. Sijui alisikia kiasi gani. Nilisema kwa sauti ya wote kusikia, lakini nilimtazama mama yake.

"Kesho saa nne nitasimama mbele ya wageni, mama, pale pale nilipoghani. Sitaghani. Nitaweka mistari yote ukutani, ile niliyoifuta, na nitasema nani aliichora, na nitasema mashine ibaki, lakini chini ya mkono wake. Wakiitupa, nitawafuata ofisi kwa ofisi mpaka waichukue pamoja na ukweli wake. Lakini kabla ya hiyo saa nne, alfajiri, nitakwenda kwa mama yake Festo. Nitakaa chini, na nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa maneno ya kawaida, kwamba shuka yake ilikuwa safi."